Basi la Paa Wazi: Istilahi za Kutalii Mji, kwa Mifano ya Iringa na Mbeya

Utangulizi

Miongoni mwa kazi za mtu anayeshughulika na istilahi ni kujibu maswali ya wafasiri. Aghalabu maswali hayo ni ya neno moja moja, na majibu yake hupatikana kwa kufungua kamusi. Lakini liko swali moja lililoletwa kwetu ambalo, kila tulipojaribu kulijibu, lilizaa mengine. Mfasiri mmoja alikuwa akitafsiri kijitabu cha wasafiri. Ndani yake mlielezwa basi la ghorofa ambalo sehemu yake ya juu haina paa, linalowazungusha watu katika mji mkubwa, kama vile London au Cape Town, ili waone majengo, sanamu na bustani za mji huo bila ya kutembea kwa miguu. Katika rasimu yake mfasiri aliandika kwamba watu hao "huona vituko vya mji kwa basi la juu wazi." Akauliza: je, tafsiri hii inafaa?

Haifai, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini. Kadhalika yanakusudia kuonyesha kwamba suala hili si la London peke yake. Mtu anayekwenda Iringa au Mbeya kwa kawaida hatembezwi kwa basi la aina hiyo. Huizunguka miji hiyo kwa miguu, kwa bajaji, kwa daladala au kwa gari la kukodi. Hata hivyo, maneno anayoyahitaji ni yale yale: jina la yeye mwenyewe anayezunguka, jina la tendo lake, jina la anayemwongoza, na jina la mambo anayoyatazama. Maneno hayo yakikosewa, hasara haimpati mfasiri tu. Humpata pia mwananchi anayesoma tangazo mlangoni pa makumbusho na kudhani kwamba halimhusu.

1. Chombo chenyewe

Tuanze na chombo. Neno "basi" limetufikia kutoka neno la Kilatini "omnibus", maana yake "kwa ajili ya wote". Jina hilo lilipata kutumika kwa magari ya abiria ya kukokotwa na farasi katika mji wa Nantes, Ufaransa, mwaka 1826, na London mwaka 1829. Mabasi ya kwanza ya ghorofa yaliyoendeshwa kwa injini mjini London hayakuwa na paa juu. Abiria wa juu walinyeshewa kama shamba linavyonyeshewa. Mabasi ya ghorofa yenye paa yalikuja kuenea katika miaka ya 1920. Kwa hiyo kukosa paa, ambako hapo mwanzo kulikuwa upungufu, leo kumegeuka kuwa sifa ambayo watu huilipia.

Jambo hili lina maana kwa mtunga istilahi. Tukisema "basi lisilo na paa", tunataja upungufu. Msomaji wa Makambako atauliza basi hilo lilipatwa na ajali gani. Istilahi nzuri yafaa itaje kile ambacho kitu kinacho, si kile ambacho kitu kimekosa.

Je, tuseme "basi la wazi"? Pendekezo hili lina nguvu, maana Kiswahili kina mfano wake tayari. Husemwa kwamba Rais aliingia uwanjani kwa gari la wazi, na timu iliyotwaa ubingwa hulitembeza kombe mitaani kwa gari la wazi. Tatizo ni kwamba neno "wazi" limebebeshwa mizigo mingi. Duka lililo wazi ni lile linalouza. Nafasi iliyo wazi ni ile isiyo na mtu. Jambo lililo wazi ni lile lisilofichika. Basi ambalo liko wazi, kwa hiyo, laweza kueleweka kuwa ni basi ambalo bado lina viti. Tena katika Nyanda za Juu Kusini, mtu akisema amekuja kwa gari la wazi, wasikiaji wake watafikiri alipanda nyuma ya pikapu au lori pamoja na magunia ya viazi, na watampa pole kwa baridi.

Ama "basi la juu wazi", kosa lake ni la muundo. Neno "juu" hapa limelazimishwa kufanya kazi ya nomino, ambapo katika Kiswahili "basi la juu" ni basi lililoko juu, kwa mfano lile lililokwisha panda mlima kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, tofauti na lile lililobaki chini barabarani.

Kwa sababu hizo tunapendekeza "basi la paa wazi". Muundo huu ni wa kawaida katika lugha yetu: twasema "shati la mikono mifupi" na "suruali ya miguu mipana". Nomino ya pili hutaja sehemu ya kitu, na sifa hufuata sehemu hiyo. Neno "wazi" likifungwa kwa neno "paa", zile maana nyingine za duka na nafasi huondoka. Faida ya pili ni kwamba tunaweza kulitofautisha basi hili na magari yanayotumika katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo mengi yake paa huinuliwa watu wanapotaka kusimama kuwatazama tembo, na kushushwa baadaye. Hayo ni "magari ya paa la kuinua".

Pana jambo la ziada kuhusu neno "ghorofa". Katika matumizi ya watu wengi, nyumba ya ghorofa moja ni ile yenye sehemu ya chini na nyingine moja juu yake. Kwa wengine, nyumba hiyo hiyo ni ya ghorofa mbili. Mfasiri hana haja ya kuingia katika ubishi huo. Aseme "basi la ghorofa" bila ya hesabu, na kila mtu atamwelewa.

2. Tendo: kutalii, kutembea, kuzuru

Katika rasimu tuliyoitaja, watu "huona vituko". Kituko ni jambo la ajabu, la kuchekesha au la kuudhi. Mtu huweza kufanya vituko msibani. Kanisa, msikiti, soko na jengo la zamani si vituko. Mfasiri alilenga kitu cha kutazamwa, akakamata kitu cha kushangaza.

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana hapa, na yafaa kuvipambanua.

(a) "Kutembea". Maana yake ya kwanza ni kwenda kwa miguu, na ya pili ni kwenda mahali kwa mapumziko au kwa kuwaona jamaa, kama tunaposema "amekwenda kutembea kwa shangazi yake Tukuyu". Kutokana nacho tunapata "matembezi", neno zuri kwa mzunguko wa mji unaofanywa kwa miguu. Lakini tuwe na hadhari na "kutembeza". Anayetembeza bidhaa ni mchuuzi. Ndiyo maana "mtembezaji" peke yake hakufai kuwa jina la mtu anayewaongoza watalii: katika stendi ya Mbeya watembezaji ni wengi, na wanachotembeza ni maji, karanga na vitambaa. Jina lililokwisha kuzoeleka, na ambalo halina utata, ni "mwongoza watalii".

(b) "Kuzuru", na nomino yake "ziara". Asili yake ni Kiarabu, na tangu zamani katika pwani huambatana na heshima: mtu huzuru kaburi, huzuru mgonjwa, huzuru mwalimu wake. Leo twasema pia ziara ya Rais na ziara ya mafunzo. Ziara ina mwenyeji anayepokea au lengo linalojulikana. Anayepita juu ya basi akitazama majengo huku na huku hafanyi ziara.

(c) "Kutalii". Neno hili ndilo lenye habari kubwa kuliko yote. Siku moja nilipokuwa Iringa, nilimkuta mwalimu wa shule ya msingi amewaleta wanafunzi wake katika Boma la zamani, jengo la wakati wa Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa. Nilimsalimu "Kamwene", naye akaitikia. Nikamwuliza kama wamekuja kutalii. "Hapana, kaka," alijibu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayejitetea, "sisi hatukuja kutalii, tumekuja kujifunza."

Mwalimu huyo alisema yale ambayo wengi wetu tungesema. Katika matumizi ya leo kutalii ni starehe, na kujifunza ni kazi. Lakini neno lenyewe lina historia nyingine. Limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutazama kwa makini, kupitia na kusoma, na mzizi huo huo umetupa neno "mutalaa", yaani kudurusu vitabu. Kwa asili yake, basi, anayetalii ni yule anayeusoma mji kama mtu asomavyo kitabu. Watoto wale waliosimama mbele ya ngao na mikuki, wakimsikiliza mwalimu wao, walikuwa wakitalii kwa maana kamili ya neno hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa mjini siku ile.

Sisemi kwamba maana ya leo ifutwe. Lugha hairudishwi nyuma kwa amri. Ninachosema ni kwamba walimu na watumishi wa serikali wasilionee haya neno hili. Shule ikiandika katika barua yake kwamba wanafunzi watakwenda "kutalii na kujifunza historia ya mji", haitakuwa imekiri uvivu.

3. Mtalii, mgeni na mtembeleaji

Kutoka kwenye tendo twende kwa mtendaji. Hapa ndipo kosa la istilahi linapoweza kumfungia mtu mlango.

Mahali fulani, ambapo sitapataja, niliona tangazo lililosema: "Wageni wote wapite ofisini kulipa kiingilio." Mama mmoja wa makamo alifika na mjukuu wake. Karani akamsalimu vizuri, "Shikamoo mama," kisha akamwonyesha tangazo. "Marahaba, mwanangu," alijibu yule mama, "lakini mimi si mgeni hapa. Nimezaliwa ng'ambo ya mto huu." Karani akasema, "Basi wewe ni mtalii, mama." Jibu hilo lilizidisha mambo. "Mtalii ni Mzungu," alisema mama, akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka. Kiingilio cha raia hakikuwa kikubwa, na sidhani kwamba fedha ndizo zilizomzuia. Alikuwa ameitwa kwa majina mawili, na yote mawili yalimwambia kwamba mahali pale si pake.

Kosa halikuwa la karani. Lilikuwa la tangazo, ambalo lilitumia neno "mgeni" mahali ambapo halifai. Mgeni, katika desturi zetu, ni yule anayepokelewa na mwenyeji. Katika sheria za uhamiaji ni yule asiye raia. Hifadhi za taifa, katika kupanga viingilio vyao, huwatofautisha raia wa Afrika Mashariki, wageni wakazi na wageni wasio wakazi, na hapo neno "mgeni" lina kazi yake halali. Lakini neno moja haliwezi kuwa na maana ya "asiye raia" katika safu moja ya tangazo, na maana ya "kila anayeingia" katika safu ya pili.

Wanaokusanya takwimu za utalii duniani hutumia majina matatu, nasi tunayahitaji yote matatu. La kwanza ni la jumla: kila mtu aliyetoka katika mazingira yake ya kila siku na kufika mahali kwa muda usiofikia mwaka mmoja, bila ya kuajiriwa hapo. Huyu tunapendekeza aitwe "mtembeleaji". La pili ni la mtembeleaji anayelala angalau usiku mmoja huko alikokwenda. Huyu, katika hesabu, ndiye "mtalii". La tatu ni la yule anayekwenda na kurudi siku hiyo hiyo: "mtembeleaji wa kutwa". Mtu wa Mafinga anayepanda basi asubuhi, akaona Boma la Iringa na kurudi kwake jioni, ni mtembeleaji wa kutwa. Mtu wa Mbeya anayesafiri kilomita zipatazo 330 hadi Iringa na kulala siku mbili ni mtalii, tena "mtalii wa ndani", awe amevaa kaptura na kofia ya jua au amevaa kitenge.

Mlangoni, hata hivyo, tusimhesabu mtu kabla hajaingia. Tangazo lingeweza kusema: "Kila anayeingia alipe kiingilio ofisini," na chini yake viwango vya raia na vya wasio raia. Ikihitajika nomino, "watembeleaji" inatosha. Neno hilo halimwulizi mtu alikozaliwa, na kwa hiyo yule mama angeweza kulikubali bila ya kuukana ukoo wake.

4. Kivutio na kumbukumbu

Neno linalotumika zaidi katika vijitabu vya utalii ni "kivutio". Limeundwa vizuri kutokana na kitenzi "vuta", na hatuna ugomvi na muundo wake. Swali ni mipaka yake. Ziwa Ngosi katika milima ya Poroto ni kivutio. Maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ni kivutio. Nguzo za udongo za Isimila, zilizochongwa na maji ya mvua karibu na mahali palipopatikana zana za Zama za Mawe, ni kivutio. Je, na fuvu la kichwa cha Mtwa Mkwawa katika makumbusho ya Kalenga?

Tukumbuke mambo yenyewe. Mnamo tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka Kalenga, makao makuu ya Mkwawa. Mkwawa aliendelea kupigana kwa miaka kadhaa, na mwezi Julai 1898 alijiua asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kurudishwa kwa fuvu hilo kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini halikurudi hadi mwaka 1954, lilipokabidhiwa kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania.

Tukiandika katika kijitabu kwamba "fuvu ni kivutio kikubwa cha mkoa", hatukukosea sarufi. Tumekosea adabu. Kivutio humtaja mtazamaji: kinamvuta nani? Kinachotazamwa hakina sauti katika neno hilo. Kiswahili kina familia nyingine ya maneno inayofaa zaidi mahali kama hapo, nayo ni ile ya kitenzi "kumbuka". Kutokana nacho tuna "kumbukumbu", na kutokana na "kumbusha" tuna "makumbusho", yaani mahali panapotukumbusha. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mahali palipotokea kifo, vita au mateso paitwe "mahali pa kumbukumbu", na neno "kivutio" liachiwe maziwa, milima, wanyama na mandhari. Katika Iringa mjini upo pia mnara wa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Nao ni wa kumbukumbu. Anayepita hapo kwa basi, la paa wazi au la paa zima, yafaa aambiwe hivyo.

5. Majina ya mahali

Mwongoza watalii hutumia nusu ya muda wake kutaja majina. Mfasiri wa maelezo yake naye hujikuta njia panda: ayafasiri majina hayo au ayaache? Kanuni yetu ni nyepesi. Jina liachwe kama lilivyo, na maana yake ielezwe mara moja pale linapotajwa kwanza.

Iringa yenyewe ni mfano mzuri. Jina limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome au boma. Mtu akijua hayo, ataielewa Kalenga na kuta zake kabla hajafika. Gangilonga, jabali kubwa lililo juu ya mji, maana yake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Kijitabu kikiandika "Jiwe Linalosema" peke yake, mgeni atauliza njia na hakuna mkazi atakayejua anakotaka kwenda. Kitanzini, mtaa ulio katikati ya mji, hauhitaji Kihehe: ndani ya jina hilo mna "kitanzi", na masimulizi ya mji huliunganisha na watu walionyongwa wakati wa Wajerumani. Anayesoma jina hilo polepole amekwisha soma sehemu ya historia.

Katika upande wa Mbeya yako majina ya namna nyingine. Mtaa wa Uhindini unatuonyesha kiambishi "u-" na kiishio "-ni" vikifanya kazi kwa pamoja kutaja makazi ya watu fulani. Katika Wilaya ya Rungwe liko Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba uliopita juu ya Mto Kiwira bila ya kujengwa na mtu. Mwalimu wa jiografia ataliita "daraja la asili", na hiyo ndiyo istilahi ya aina ya kitu. "Daraja la Mungu" ni jina la kitu kimoja hicho. Aina na jina visichanganywe. Vivyo hivyo Kimondo cha Mbozi, chuma kilichoanguka kutoka angani, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. "Kimondo" ni aina, "Kimondo cha Mbozi" ni jina. Na kwa kuwa Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, vijitabu vya zamani vinavyokiweka kimondo hicho katika Mkoa wa Mbeya yafaa visahihishwe.

6. Tiketi na saa

Mabasi ya paa wazi huuza tiketi inayomruhusu abiria kushuka katika kituo chochote, akaona anachotaka, kisha apande basi jingine la kampuni hiyo hiyo linalofuata. Wako waliopendekeza "tiketi ya pandashuka". Pendekezo linavutia kwa wepesi wake, lakini neno hilo lina mwenyewe. Pandashuka za maisha ni mambo ya taabu na nafuu yanayopokezana. Tena mtu wa Mbeya, anayeishi chini ya mlima Loleza, akisikia "safari ya pandashuka" atafikiria vilima na makorongo, wala hatafikiria basi. Twapendekeza "tiketi ya kushuka na kupanda". Ni ndefu kidogo, lakini inafuata mpangilio wa matendo yenyewe: abiria hushuka kwanza, ndipo apande tena.

Muda wa tiketi nao una mtego. "Kutwa" ni tangu asubuhi hadi jua kuchwa. "Kutwa kucha" ni mchana na usiku wake. Tiketi inayodumu kwa saa 24 si tiketi ya kutwa, na aliyeinunua saa nane mchana akiamini maandishi ya mfasiri atajinyima asubuhi ya siku ya pili ambayo amekwisha ilipia. Hapo iandikwe "tiketi ya saa 24".

Mtego wa mwisho ni ule ambao kila mfasiri anaujua na kila mfasiri amewahi kunaswa nao: saa za Kiswahili huhesabiwa tangu kupambazuka na kuchwa kwa jua. Basi linaloondoka saa ambayo Waingereza huiandika kwa tarakimu ya 9 asubuhi, kwa Kiswahili linaondoka saa 3 asubuhi. Mfasiri akiiacha tarakimu kama ilivyo na kuandika "saa 9 asubuhi", amewataja abiria muda ambao wao wanajua kuwa ni wa usingizi wa alfajiri. Akiandika "saa 9" tu, watafika alasiri na kukuta basi limekwenda zake. Istilahi zote tulizozijadili zaweza kuwa sahihi, na safari ikaharibika kwa tarakimu moja.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

basi la paa wazi: basi, aghalabu la ghorofa, ambalo sehemu yake ya juu haina paa;
gari la paa la kuinua: gari la hifadhini ambalo paa lake huinuliwa na kushushwa;
kutalii mji: kuuzunguka mji kwa kuutazama na kujifunza habari zake;
matembezi ya mji: kutalii mji kwa miguu;
ziara: kwenda mahali kwa lengo maalumu au kwa kupokelewa na mwenyeji;
mwongoza watalii: anayewaongoza watalii na kuwaeleza wanayoyaona;
mtembeleaji: kila anayefika mahali kwa muda, awe raia au asiwe;
mtembeleaji wa kutwa: mtembeleaji asiyelala;
mtalii: mtembeleaji anayelala angalau usiku mmoja;
mtalii wa ndani: mtalii anayetembelea sehemu za nchi yake;
kivutio: mandhari, kiumbe au kitu kinachowavuta watu kukitazama;
mahali pa kumbukumbu: mahali panapohifadhi habari za vifo, vita au mateso;
tiketi ya kushuka na kupanda: tiketi inayomruhusu abiria kuendelea na safari kwa basi linalofuata.

Ili kupima kama maneno haya yanakwenda pamoja, tuyaweke katika maelezo mafupi: "Matembezi ya mji wa Iringa huanza katika Boma saa 3 asubuhi. Mwongoza watalii huwapeleka watembeleaji sokoni, kisha Kitanzini, na kuwapandisha Gangilonga ili waone mandhari ya mji wote. Wanaopenda huendelea kwa gari hadi Kalenga, mahali pa kumbukumbu ya Mtwa Mkwawa. Kila anayeingia hulipa kiingilio. Raia hulipa kiwango cha raia." Msomaji wa Ifunda, wa Tukuyu au wa Tanga atayaelewa maelezo haya bila ya kamusi, na hataona ndani yake neno linalomwambia akae nje.

Mapendekezo haya hayajawa sheria. Walimu na wafasiri wanaoishi Iringa na Mbeya wanayajua maneno ya huko kuliko mtu aliyeketi ofisini na kadi zake, na huenda katika Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa au Kibena limo neno linalofaa zaidi. Desturi ya kazi yetu ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili, kisha ndani ya lugha za Kibantu, kabla ya kuvuka mipaka. Ndivyo tulivyolipata neno "ngeli" kutoka Kihaya. Tunawaomba wasomaji watuandikie maoni yao, hasa wale ambao wamewahi kubandika tangazo mlangoni na kuona watu wakilisoma, wakasita, kisha wakageuka.